Barabara Ikifika Kijijini, Nani Apite Kwanza: Mtoto au Motokaa?

Ni habari gani inayopokewa kwa vigelegele kijijini kuliko habari ya kwamba barabara ya lami inakuja? Wazee hufurahi, kwa sababu mgonjwa atafikishwa hospitali kabla ya giza. Wakulima hufurahi, kwa sababu ndizi na nyanya hazitaoza tena shambani zikingoja lori. Akina mama hufurahi, kwa sababu safari ya siku nzima itakuwa safari ya saa moja. Furaha hiyo ni ya haki, wala hapana mtu mwenye akili atakayeipinga.

Lakini barabara ni kama moto. Moto hupika ugali, na moto huohuo huunguza nyumba usipotunzwa. Haupiti mwaka baada ya lami kumalizika ila utaona mambo haya: gulio limehamia kando ya barabara, vibanda vimejengwa hadi ukingoni, na bodaboda wamefanya kijiwe penye kona. Shule iko upande huu, nyumba nyingi ziko upande ule, na kati yake magari yanapita kama mishale. Kijiji kimekuwa mji mdogo, na hapana mtu aliyekaa chini kuuchora.

Leo basi tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mainjinia na wakubwa wa mjini tu: namna ya kupanga miji, na namna ya kuunda motokaa, ili watu waende shule, sokoni, kazini na kanisani kwa usalama, kwa nauli wanayoiweza, na bila kuvuta moshi mchana kutwa. Usiseme, “Hayo hayanihusu, mimi naishi kijijini.” Miji mingi duniani ilianza kuwa vijiji. Na wazee wetu walisema: samaki mkunje angali mbichi.

HESABU AMBAYO KILA MZAZI YAFAA AIJUE

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu karibu milioni 1 na laki 2 walikufa barabarani duniani kote. Zaidi ya nusu yao hawakuwa ndani ya motokaa. Walikuwa wakienda kwa miguu, kwa baisikeli au kwa pikipiki. Tena shirika hilo linatuambia neno zito zaidi: kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoua wengi kuliko ugonjwa wowote mmoja.

Kwa nini? Jibu la kwanza ni mwendo. Hebu tufanye hesabu kidogo, maana akili ni mali.

Motokaa ikienda kilometa 30 kwa saa, hukata mita 8 na zaidi kidogo katika sekunde moja. Ikienda kilometa 50, hukata karibu mita 14. Ikienda kilometa 80, hukata mita 22. Sasa, dereva anapomwona mtoto ametokea ghafula, mguu wake haufiki kwenye breki papo hapo. Macho huona, akili hufahamu, ndipo mguu hutii. Tuseme sekunde moja imekwisha kupita. Baada ya hapo motokaa nayo yataka nafasi ya kusimama, hata kama breki ni nzima na barabara ni kavu.

Tuseme mtoto yuko mita 15 mbele. Dereva wa kilometa 30 atasimama akiwa ametumia kama mita 13, na mtoto ataendelea na safari yake akiwa ametishika tu. Dereva wa kilometa 50, mguu wake ndio kwanza unagusa breki wakati gari linamfikia mtoto. Yeye alihitaji kama mita 28. Dereva wa kilometa 80 amekwisha kupita mahali pale kabla ya kuigusa breki. Alihitaji zaidi ya mita 55.

Na pigo lenyewe je? Kugongwa na gari la kilometa 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu kama mita 3 na nusu, yaani kama kuanguka kutoka paa la nyumba. Mtu huumia, lakini wengi hupona. Kugongwa kwa kilometa 50 ni kama kuanguka kutoka karibu mita 10, yaani kutoka kileleni mwa mnazi. Kwa kilometa 80 ni kama mita 25. Tazama, mwendo haukuongezeka hata mara tatu, lakini urefu wa kuanguka umeongezeka mara saba. Ndiyo sababu dereva anayesema, “Niliongeza kidogo tu,” hajui anenalo.

WAHOLANZI HAWAKUZALIWA JUU YA BAISIKELI

Watu wakiona picha za Uholanzi, nchi ambayo watoto na bibi wazee wote wanapanda baisikeli kwa amani, hudhani kwamba Waholanzi wamekuwa hivyo tangu zamani. Si kweli. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi ile ilitajirika, watu wakanunua motokaa, na miji ikabomolewa ili kuzipatia nafasi. Viwanja vya zamani vikageuzwa kuwa mahali pa kuegesha magari. Katika mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, na kati yao watoto walikuwa zaidi ya 400.

Mmoja wa watoto hao alikuwa binti wa miaka 6, aliyeuawa na gari akienda shule kwa baisikeli. Baba yake, Vic Langenhoff, alikuwa mwandishi wa De Tijd, gazeti la Wakatoliki wa Uholanzi. Mwaka 1972 aliandika makala yenye kichwa kikali, maana yake: “Komesheni mauaji ya watoto.” Hakuandika ili alie tu. Aliwaita wazazi wenzake waungane na kudai barabara za salama. Wakaitika. Chama kikaanzishwa kwa jina hilohilo, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mama kijana, Maartje van Putten, ambaye baadaye akawa mbunge wa Bunge la Ulaya. Wazazi walifunga mitaa ili watoto wapate mahali pa kuchezea, wakaandamana kwa baisikeli, wakapeleka michoro yao wenyewe kwa wakubwa.

Mwaka 1973 ikaja shida ya mafuta. Petroli ikawa adimu, na serikali ikaamuru kwamba siku ya Jumapili motokaa zisitembee. Watu wakatoka nje na kuona barabara kuu zimejaa watoto na baisikeli. Ndipo wengi walipofahamu kwamba barabara si mali ya motokaa peke yake.

Wakaanza kujenga kwa njia nyingine. Katika mji wa Delft waliunda mitaa ambayo haina njia ya magari mbali na njia ya watu. Yote ni uwanja mmoja, wenye miti, mabenchi na mapindo. Motokaa inaruhusiwa kuingia, lakini kama mgeni: iende mwendo wa mtu anayetembea. Mwaka 1976 mitaa ya namna hiyo ikawekewa sheria. Mwaka 1977 mji wa Groningen uligawa sehemu yake ya kati katika vipande vinne. Mwenye baisikeli au miguu aliweza kupita kutoka kipande hata kipande moja kwa moja, lakini mwenye motokaa ilimbidi atoke kwanza kwenye barabara ya mzunguko, kisha aingie tena upande mwingine. Hakuna aliyekatazwa kuwa na gari. Ila safari fupi ikawa rahisi kwa miguu kuliko kwa gari, na watu wakachagua wenyewe.

Matokeo yakaonekana polepole. Watoto waliokufa barabarani, ambao mwaka 1971 walikuwa zaidi ya 400, mwaka 2010 walikuwa 14. Je, Waholanzi walikuwa wameacha kununua motokaa? La, mwaka 2010 walikuwa nazo nyingi kuliko zamani. Walichobadili ni mpango.

KIJIJI KILICHOKUWA MJI KWA AKILI

Karibu na Utrecht kulikuwa na kijiji kiitwacho Houten, chenye watu elfu chache. Serikali ilipotaka mahali pa kujenga nyumba nyingi, kijiji hicho kilichaguliwa kikue. Kabla nyumba hazijajengwa, mchoraji aitwaye Rob Derks aliweka wazo moja wazi: stesheni ya gari la moshi, maduka na shule viwe katikati, na njia za baisikeli na miguu zielekee huko kama mishipa iendayo moyoni. Magari yazunguke nje. Kila mtaa una mlango wake wa kutokea kwenye barabara ya mzunguko, lakini gari haliwezi kukatiza katikati ya mji.

Leo Houten ina watu kama 50,000. Mtoto huenda shule kwa baisikeli bila kukutana na lori. Mji huo umepewa heshima ya kuwa mji bora wa baisikeli wa Uholanzi mara mbili, mwaka 2008 na mwaka 2018.

Angalia vizuri, msomaji. Houten haikubomoa nyumba ya mtu ili ipate njia za baisikeli. Ilizichora kabla ya kujenga. Kuchora kwataka kalamu, lakini kubomoa kwataka fidia, kesi na machozi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MOTOKAA ILIUNDWA KWA AJILI YA NANI?

Sasa tugeukie motokaa yenyewe. Kwa miaka mingi mafundi walioziunda walijiuliza swali moja: tumlindeje aliye ndani? Nao walifanya kazi nzuri. Mwaka 1959 fundi wa Volvo aitwaye Nils Bohlin alitengeneza mkanda unaopita begani na kiunoni, ule tunaoujua leo. Kampuni yake iliwaachia watengenezaji wengine wautumie pia, na mkanda huo umeokoa watu wengi mno. Basi ukiingia katika gari, funga mkanda, na umfunge mtoto wako. Wako watu wanaokalia mkanda, au kuununulia kijichuma cha kuidanganya kengele yake. Huko ni kuitupa zawadi ya uhai.

Lakini swali la pili lilichelewa kuulizwa: tumlindeje aliye nje? Nchini Marekani taasisi inayochunguza usalama wa magari ilitoa habari mwaka 2023. Iliona kwamba magari yenye boneti iliyoinuka zaidi ya mita 1 hivi yanapomgonga mtu yana hatari ya kumwua inayozidi kwa asilimia 45 kuliko magari yenye boneti ya chini, ya sentimita 76 au pungufu, iliyoinama mbele. Sababu yake ni rahisi. Boneti ya chini humpiga mtu mzima miguuni na kumwangusha juu ya gari. Boneti iliyosimama kama ukuta humpiga kifuani au kichwani na kumwangusha chini ya magurudumu. Na mtoto mdogo, hata dereva hamwoni kama amesimama karibu mbele ya boneti kubwa.

Pima mwenyewe. Mwite mtoto wako wa darasa la kwanza, umsimamishe mbele ya gari kubwa lililozimwa, kisha umwulize dereva aliyekaa kwenye usukani kama anamwona. Huenda jibu likakushangaza. Na yule anayechomelea vyuma vinene mbele ya gari lake ili “lionekane la kiume”, ajue kwamba chuma hicho hakipindi. Kitakachopinda ni mfupa wa mtu.

Mafundi wamejifunza. Huko Ulaya, tangu Julai 2024, kila gari jipya linaloandikishwa lazima liwe na chombo cha kumwonya dereva anapozidisha mwendo ulioruhusiwa mahali pale. Magari mapya yana macho ya kamera au rada yanayoweza kushika breki yakiona mtu mbele. Mjini London, tangu mwaka 2021, malori ya zaidi ya tani 12 hupimwa dereva anaona kiasi gani kwa macho yake kutoka kitini. Lori ambalo dereva wake haoni vya kutosha haliruhusiwi kuingia mjini bila vyombo vya kumsaidia. Na hapa kwetu Tanzania, mabasi ya mikoani yamefungwa chombo kinachopeleka habari za mwendo wao kwa LATRA, yaani mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Ewe abiria, usimshangilie dereva anayekimbiza basi. Unamshangilia mtu anayecheza na maisha yako.

KIRIKUU NA MAHALI ILIPOTOKA

Wengi wenu mnazijua zile motokaa ndogo za kubebea mizigo ziitwazo Kirikuu. Hupita penye vichochoro, hunywa mafuta kidogo, na hubeba magunia ya mkaa, viazi na hata viti vya harusi. Je, mwajua kwa nini ni ndogo vile?

Zimetoka Japani. Nchi ile ina watu wengi na nafasi haba. Tangu mwaka 1949 sheria yao ilitambua aina ya pekee ya magari madogo. Siku hizi gari la namna hiyo halipaswi kuzidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48, na injini ya sentimita 660 za ujazo. Anayenunua gari dogo hivyo hutozwa kodi ndogo. Tena katika miji ya Japani, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1962, mtu anayetaka kununua gari la kawaida lazima kwanza aonyeshe kwamba anapo mahali pa kuliweka. Huwezi kununua gari kisha ukaufanya mtaa kuwa banda lako.

Hapa twaona jinsi mpango wa mji na umbo la motokaa yanavyokwenda pamoja, kama mume na mke katika nyumba moja. Mitaa myembamba ilizaa gari dogo, na gari dogo likauacha mtaa uwe wa watu. Nchi zilizofanya barabara pana mno zimepata magari makubwa zaidi kila mwaka, na barabara hazijatosha mpaka leo.

Na magari ya umeme je? Ni jambo jema. Kigali na Nairobi tayari kuna pikipiki za umeme ambazo betri yake ikiisha hubadilishwa kituoni, dereva akaendelea na kazi. Hazitoi moshi, na kelele ni kidogo. Lakini tusidanganyike. Motokaa ya umeme iliyo kubwa huchukua nafasi ileile barabarani, na ikimgonga mtu humwumiza vilevile. Tena kwa sababu ya ukimya wake yafaa iwe na mlio wa kumwonya mtembea kwa miguu. Umeme waondoa moshi, hauondoi msongamano.

DAR ES SALAAM: SOMO LA MWENDOKASI

Tuje nyumbani. Kila mtu aliyefika Dar es Salaam anajua foleni yake. Twende kwa hesabu tena. Basi refu la mwendokasi, lenye urefu wa mita 18, huchukua watu zaidi ya 100. Watu hao 100 wakipanda motokaa wawili wawili, zatakiwa motokaa 50. Kila motokaa ina urefu wa mita 4 na nusu, na kati yake tuweke nafasi ya mita 3. Mstari wake ni mita 375. Basi kinachojaza barabara si watu, ni vyuma vya kubebea watu.

Wabrazili wa mji wa Curitiba ndio walioonyesha njia mwaka 1974, walipoyapa mabasi njia yao wenyewe. Bogotá nchini Kolombia ukafuata mwishoni mwa mwaka 2000. Dar es Salaam ilianza Mei 2016, kwa njia ya kilometa 21 kutoka Kimara kwenda Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco. Kwa kazi hiyo mji ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Angalia pia umbo la basi na kituo: sakafu ya kituo iko sawa na mlango wa basi, hivyo mama mjamzito, mzee mwenye mkongojo na mtu wa kiti cha magurudumu huingia bila kupanda ngazi. Hiyo ndiyo maana ya mpango na chombo kupatana.

Lakini tuseme kweli yote. Mabasi yalikuwa machache kuliko abiria, watu wakasongamana na kungoja mno. Karakana ya mabasi ilijengwa katika bonde la Jangwani, na mto Msimbazi ulipofurika maji yaliingia na kuharibu. Somo ni hili: mpango mzuri wataka chombo cha kutosha, na chombo kizuri kikiwekwa mahali pabaya ni hasara. Mto haukusoma ramani yetu, ni sisi tuliopaswa kusoma mto.

Jambo jingine jema la Dar es Salaam halina mabasi makubwa wala fedha nyingi. Shirika liitwalo Amend lilikwenda katika shule ambazo watoto wake waliumia mno barabarani. Likatazama wanakopita. Kisha likajenga vitu vidogo: njia ya miguu kando ya barabara, matuta, alama za pundamilia, na mahali pengine likahamisha geti la shule litazame upande wenye magari machache. Watoto wakafundishwa kuvuka. Utafiti ukaonyesha kwamba majeraha ya watoto yalipungua kwa robo hivi. Mwaka 2019 kazi hiyo, inayofanyika pia katika nchi nyingine za Afrika, ilipata tuzo ya kimataifa ya miji. Geti na matuta yalishinda miradi mikubwa ya miji yenye fedha.

NA KIJIJI CHAKO JE?

Sasa, baba na mama mnaosoma gazeti hili, twaweza kufanya nini? Tuseme mama mmoja amekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

“Shikamoo, Mwenyekiti.”

“Marahaba, mama. Karibu. Habari za nyumbani?”

“Nzuri, baba. Nimekuja kwa ajili ya barabara. Watoto wetu wanavuka pale penye kona, na dereva hawaoni mpaka amewafikia.”

“Mama, barabara ile si yetu. Ni ya wakubwa.”

“Ni kweli, baba, barabara ni yao. Lakini watoto ni wetu. Naomba jambo hili liingie katika mkutano wa kijiji, tuandike barua.”

Mama huyo amesema vyema. Hivi ndivyo vya kufanya, kimoja baada ya kingine:

Kwanza, hesabuni. Asubuhi mbili au tatu, mwalimu na wazazi wawili wakae kando ya barabara waandike: ni watoto wangapi wanavuka, wapi, saa ngapi. Andikeni pia kila ajali iliyotokea, na tarehe yake. Karatasi yenye hesabu ina nguvu kuliko malalamiko ya mwaka mzima.

Pili, jueni mwenye barabara. Nchini Tanzania, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na barabara za vijijini na mitaa ya miji ziko chini ya TARURA. Barua iliyopelekwa kwa asiyehusika hulala kabatini. Muhtasari wa mkutano wa kijiji uambatishwe, na nakala apewe diwani.

Tatu, ombeni kwa majina. Msiseme tu, “Tusaidieni.” Semeni: tunaomba njia ya miguu kutoka shuleni hadi sokoni, kivuko chenye alama, matuta mawili, na kibao cha mwendo. Kama barabara bado inajengwa, ombeni sasa, kwa maana njia ya miguu inayojengwa pamoja na barabara ni ya bei ndogo kuliko inayorudiwa baadaye.

Nne, msiweke mawe au magogo barabarani kwa hasira baada ya ajali. Usiku dereva hatayaona, nanyi mtakuwa mmezaa msiba wa pili. Matuta yana vipimo na alama zake, na mwenye kuyajenga ni mwenye barabara.

Tano, msijenge ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa nchini Tanzania ni mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Kibanda kilicho ukingoni humleta mnunuzi ukingoni, na mnunuzi huja na mtoto mgongoni. Siku barabara itakapopanuliwa, kibanda hicho kitavunjwa pia.

Sita, na hili ni kubwa kuliko yote, kaeni mchore kijiji chenu. Sheria inawapa vijiji haki ya kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi. Wakati wa kuupanga, ulizeni: shule mpya, zahanati, soko na kisima viwe upande gani, ili watoto na akina mama wasivuke barabara kubwa kila siku? Gulio haliwezi kuwa mbali kidogo na lami, na lori likalifuata kwa njia ya pembeni? Acheni vichochoro vya miguu na baisikeli kati ya viwanja kabla viwanja havijagawiwa vyote. Njia ya mita 3 leo haina gharama. Baada ya miaka 20 itakuwa kesi mahakamani.

Hata nyumbani kuna kazi. Mfundishe mtoto asimame, atazame kulia, kushoto, na kulia tena, kisha avuke akitembea, asikimbie. Siku za giza la asubuhi mvike kitu cheupe. Mwenye pikipiki avae kofia ngumu, na abiria wake pia. Nawe mwenye motokaa, unapoingia kijiji cha watu kilicho na kibao cha 50, usingoje polisi akusimamishe. Penye shule punguza mpaka 30, hata kama hapana kibao. Kilometa mbili za kijiji kwa mwendo wa 30 badala ya 50 zitakuchelewesha chini ya dakika mbili. Haraka haraka haina baraka.

Waholanzi walizika watoto mamia kabla ya kubadili mipango yao. Vijiji vyetu vingi bado ni samaki mbichi: viwanja havijagawiwa, vibanda havijajaa, na barabara nyingine ndiyo kwanza zinapimwa. Mkutano wa kijiji unaokuja, beba hesabu yako ya watoto wanaovuka. Ukiulizwa nani apite kwanza, mtoto au motokaa, jibu uwe nalo tayari.